Shoka na Mpini Wake



Katika vitabu vya shule twasoma ya kuwa zamani za wanadamu zimegawanyika sehemu tatu: zamani za mawe, zamani za shaba iliyochanganywa na bati, na zamani za chuma. Mpango huo ulitungwa na mtu wa Denmark, Christian Jürgensen Thomsen, aliyekuwa akitunza vitu vya kale katika makumbusho ya Copenhagen. Maelezo yake yalichapwa mwaka 1836. Yeye alipanga vitu alivyoviona mbele yake. Mawe yalikuwapo, shaba ilikuwapo, chuma kilikuwapo. Lakini miti ilikuwa haba sana, maana mti huoza, huliwa na mchwa, huungua motoni.

Kwa sababu hiyo mti ulikosa jina katika historia. Lakini kila mtu wa kijijini ajua neno hili: chuma cha shoka pasipo mpini si shoka bado. Huwezi kuangusha nacho hata mti mdogo wa kujengea kibanda cha kuku. Tena ajua ya kuwa shoka lenye mpini uliolegea ni baya kuliko kutokuwa na shoka. Basi leo twataka kueleza historia ya mahali padogo sana, pale mti na chuma vinapokutana. Pana urefu wa vidole vitatu au vinne tu, lakini watu wamefikiri juu yake kwa miaka maelfu na maelfu, na hata leo uzima wa jirani yetu waweza kutegemea pale.

Jiwe lisilo na mpini

Mashoka ya kwanza hayakuwa na mpini. Karibu na Ziwa Turkana, nchini Kenya, wataalamu wameokota mashoka ya mawe yenye umri wa miaka 1,760,000 hivi. Hapa Kongo pia, penye mto Kamoa karibu na Kolwezi, yamechimbuliwa mashoka ya namna hiyo. Ni jiwe lililochongwa pande mbili, lenye ncha upande mmoja, na upande wa pili mviringo unaojaa kiganja. Mtu alilishika mkononi akapiga.

Ubaya wake ni nini? Kwanza, mkono wapokea kila pigo, na mifupa yaumia. Pili, nguvu ni ndogo. Mwenye mpini huongeza urefu wa mkono wake, na kichwa cha shoka chapita njia ndefu hewani, chapata mwendo mkali kabla ya kugonga. Ndiyo sababu mtu mwembamba mwenye mpini mzuri hushinda mtu wa miraba minne mwenye jiwe la mkononi. Mpini haukati kitu, lakini ndio unaokipa chuma nguvu ya kukata.

Watu wa kale walijua kazi ya mti mapema kuliko tulivyodhani. Penye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, kusini ya Ziwa Tanganyika, wataalamu walitangaza mwaka 2023 ya kuwa wameona magogo mawili yaliyounganishwa kwa kukatwa pengo, moja likilala juu ya lingine, yenye umri wa miaka 476,000 kwa uchache. Mahali palepale, katika tabaka zisizo za kale kama hizo, palikuwa na kijiti cha kuchimbia na kabari ya mti. Wasomaji waikumbuke kabari hiyo, maana tutaikuta tena.

Kufunga na kugandisha

Hatua iliyofuata ilikuwa kufunga jiwe katika mti. Shida ikatokea: jiwe na mti havipendani. Kila pigo lataka kuvitenga. Watu wakatafuta dawa mbili, kamba na gundi. Huko Campitello, nchini Italia, yameokotwa mawe yaliyopakwa lami ya gome la mti ili yashikamane na mpini, yapata miaka 200,000 iliyopita. Kwetu Afrika ya Kati, mawe marefu membamba ambayo wataalamu wayaita ya Lupemba, kwa jina la kijito cha Kasai, yaonekana yalichongwa ili yatiwe katika mti.

Kivu nayo ina ushuhuda wake. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Akapata mfupa wa urefu wa sentimeta 10 hivi, wenye umri wa miaka 20,000 kadiri. Umekatwa mistari mingi kwa mafungu, na watu wa elimu ya hesabu wausifu duniani pote kwa sababu ya mistari hiyo. Lakini si wengi wanaotazama ncha yake: pale pamekazwa kipande kidogo cha jiwe jeupe gumu. Maana yake, mfupa ule mashuhuri ni mpini. Mtu wa Ishango aliandika hesabu yake juu ya kitu alichokishika kila siku.

Ushuhuda ulio kamili zaidi watoka mbali, katika milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria. Mwaka 1991 barafu iliyeyuka ikaonyesha maiti ya mtu aliyekufa miaka 5,300 iliyopita hivi. Kwa kuwa barafu haiozeshi, shoka lake lilibaki zima, chuma na mti pamoja. Kichwa chake ni cha shaba, urefu wake sentimeta 9 na nusu, na mpini ni wa sentimeta 60. Aliyeutengeneza hakuchukua fimbo iliyonyoka. Alichagua mti pale tawi linapotokea, ili goti la tawi liwe kichwa cha mpini. Akalipasua goti, akaingiza shaba, akapaka lami ya mti, akakaza kwa ukanda wa ngozi. Fundi huyo alijua ya kuwa nyuzi za mti zikikatwa nguvu yake yakwisha, bali zikifuatwa mti haupasuki upesi.

Chuma kuingia katika mti

Katika sehemu kubwa ya Afrika yetu watu hawakupita zamani za shaba na bati. Walitoka katika jiwe wakaingia katika chuma. Pande za maziwa makubwa, huko Buhaya, Rwanda, Burundi na Kivu, tanuru za kuyeyushia chuma ziliwaka kabla ya kuzaliwa Kristu. Na kwa chuma hicho wahunzi wetu walitoa jibu lao wenyewe kwa shida ile ya kale.

Mhunzi hakutoboa chuma. Alikifua nyuma kikawa chembamba kama mkia, kipana huku na chenye ncha kule. Mkia huo waitwa msuka. Kisha mwenye shoka alitafuta mti wenye fundo nene, pengine penye shina la mzizi, akachonga mpini mwembamba na kuacha fundo lile kichwani. Alitia msuka motoni mpaka ukawa mwekundu, akachoma nao tundu katika fundo, polepole, mara nyingi. Makali yenyewe aliyaepusha na moto, maana chuma kikipashwa tena chapoteza ugumu wake.

Fikirini jinsi akili hiyo ilivyo nzuri. Kila pigo lasukuma msuka ndani zaidi, na kwa kuwa msuka ni kama kabari, wazidi kukaza. Shoka hilo hujikaza lenyewe kazini. Tundu lililochomwa kwa moto lafuata umbo la msuka ule ule, si mwingine. Tena chuma kidogo chatosha, na zamani hizo chuma kilikuwa mali, kilipatikana kwa jasho la watu wengi na makaa mengi. Na mwenye shoka akitaka kuchonga mtumbwi au kinu, aligonga msuka kwa nyuma ukatoka, akaugeuza makali yalale upande, na shoka likawa tezo.

Tena kwa sababu hiyo chuma kiliweza kusafiri peke yake. Wafanya biashara walibeba vichwa vya mashoka na majembe, na watu walivitoa katika mahari, pasipo mipini. Kila kijiji kilikuwa na miti yake, na kila mtu alichonga mpini kwa kipimo cha mkono wake.

Tuna ushuhuda wa heshima waliyoupa mpini. Katika bonde la Upemba, huko Katanga, mafundi wa elimu ya mambo ya kale walichimba makaburi mengi: Jacques Nenquin huko Sanga, penye Ziwa Kisale, mwaka 1957, na baadaye Pierre de Maret katika vijiji mbalimbali vya bonde hilo tangu mwaka 1974. Makaburi ya watu waitwao Wakisale ni ya karne ya 8 hata ya 13. Katika makaburi machache ya wakubwa yalionekana mashoka ya heshima, ambayo mipini yake ilipambwa kwa misumari midogo ya chuma. Katika kaburi moja la kale palikuwa pia na fuawe ya mhunzi. Basi mpini haukuwa kijiti cha kutupwa. Uliweza kuwa alama ya ukubwa, nao Waluba na Wasongye waliendelea na desturi hiyo kwa karne nyingi. Mashoka ya Wasongye yenye mipini iliyovikwa shaba yatazamwa leo katika makumbusho ya Ulaya.

Mti kuingia katika chuma

Watu wa nchi nyingine walitoa jibu la kinyume. Huko Mesopotamia, ambayo ndiyo Irak ya leo, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Kristu, mafundi walimimina shaba katika kalibu na kuacha tundu katikati. Hapo chuma hakiingii katika mti, bali mti waingia katika chuma. Wahunzi wa Ulaya waliiga umbo hilo kwa kukunja chuma na kukiunga kwa moto, na ndilo shoka tunaloliona madukani hata leo.

Shoka la tundu lina faida zake. Kichwa chake ni kizito, na mpini uliovunjika waweza kufanyizwa kwa fimbo yo yote nyofu, bila kutafuta fundo. Lakini lina hatari moja. Mtu akizungusha kitu kilichofungwa kamba, kitu hicho chataka kukimbia kwenda mbele. Vivyo hivyo kichwa cha shoka: kila mara tunapolirusha chataka kuchomoka mwishoni mwa mpini. Katika shoka la msuka, mbao za fundo zakizuia. Katika shoka la tundu hakuna kinachokizuia ila msuguano tu. Ndipo kabari inaporudi. Mwisho wa mpini wapasuliwa, kabari yatiwa, na mti unatanuka ndani ya tundu hata usiweze kutoka. Sururu yenyewe yafuata njia nyingine: mpini wake ni mnene mwishoni, nao huingizwa kwa juu, na kila pigo lausukuma ukaze.

Sheria ya Musa

Hatari hiyo ni ya kale, nayo imeandikwa katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, chatoa mfano wa mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata miti. Akainua mkono wake, na chuma kikachomoka katika mti, kikampiga mwenzake, akafa. Hakuwa na chuki naye. Lakini ndugu wa marehemu, moyo wao ukiwaka, wangemwua. Kwa ajili ya mtu wa namna hiyo Waisraeli waliagizwa kutenga miji ya kukimbilia. Kitabu cha Yoshua chataja sita: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa Yordani, na Beseri, Ramothi na Golani upande wa mashariki.

Tazameni vizuri, wasomaji. Torati ingeweza kuchagua mfano mwingine, jiwe lililoteleza au tawi lililoanguka. Ilichagua mpini wa shoka, kwa kuwa kila mtu alijua ajali hiyo. Na mtu yule, ingawa hakuhesabiwa mwuaji, hakurudi nyumbani siku ile. Kitabu cha Hesabu chasema alipaswa kukaa katika mji wa kukimbilia mpaka kufa kwa kuhani mkuu. Miaka mingapi? Pengine miwili, pengine thelathini. Shamba lake, watoto wake, vyote aliviacha kwa sababu ya mti uliolegea.

Torati hiyo yafundisha tena jambo la pili. Katika kitabu cha Kutoka imeandikwa habari ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe akiwa hakuonywa, hana hatia ya damu. Lakini akiwa alionywa naye hakumfunga, ana hatia. Sisi twaona ya kuwa sheria hizo mbili husaidiana. Chuma kikichomoka kwa ghafula, ni ajali. Lakini mtu aliyekiona chatikisika tangu juma lililopita, akasema kitafaa leo tu, huyo amekwisha kuonywa.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6, twasoma habari ya wanafunzi wa manabii waliokuwa wakikata miti kando ya Yordani ili wajenge nyumba. Chuma cha mmoja kikaanguka majini, naye akalia kwa kuwa kilikuwa cha kuazima. Nabii Elisha akatupa kijiti, na chuma kikaelea. Maandiko hayamtaji aliyekitia chuma kile katika mpini tena, lakini nyumba ilikuwa bado kujengwa.

Shoka la kiwanda nchini Kongo

Mashoka ya tundu yalienea duniani viwanda vilipoanza. Huko Connecticut, Marekani, kiwanda cha Collins kilianza mwaka 1826. Kabla yake wanunuzi walipata mashoka yasiyonolewa, kila mtu akanoa mwenyewe. Kiwanda hicho kiliyauza yakiwa tayari na makali. Kikadumu mpaka mwaka 1966. Mashoka ya viwanda vya Ulaya na Marekani yakafika Kongo pamoja na meli na reli. Meli za moshi za mto wetu zilikula kuni, na penye njia yake palikuwa na vituo ambapo watu walikata kuni bila kupumzika. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mji mpya ukahitaji miti ya kujengea na makaa ya kupikia.

Shoka la kiwanda lilikuja na mpini wa mti wa kwao, hickory wa Marekani au mti mwingine wa Ulaya. Siku mpini ule ulipovunjika, duka halikuwa na mwingine, na mti ule hauoti hapa. Hapo chuma cha kigeni kilihitaji mti wa Kongo na akili ya Kongo. Wengine walichonga mpini wa mti wa porini, au baadaye wa mkaratusi. Wengine walimpelekea mhunzi chuma cha resori za magari makubwa, naye akafua shoka la msuka kama la babu zake. Ndiyo maana mpaka leo katika kijiji kimoja mtaona mashoka ya namna mbili yameegemea ukuta mmoja.

Kutia mpini mpya

Sasa tueleze kazi yenyewe, hasa ya shoka la tundu, maana historia yote iliyotangulia yaonekana humo.

Kwanza, mti. Chagueni wenye nyuzi ndefu zinazokwenda moja kwa moja toka mwanzo hata mwisho, usio na jicho la tawi. Upasuliwe kwa kabari, usikatwe kwa msumeno, kwa kuwa kupasua hufuata nyuzi. Hilo alilijua yule fundi wa Alpi.

Pili, ukaushwe kivulini. Haraka haraka haina baraka. Mti mbichi ukitiwa leo utakaza. Ukikauka utasinyaa, na chuma kitacheza. Kwa sababu hiyo hiyo msilegee kwa desturi ya kulaza shoka majini ili mpini uvimbe. Huvimba kweli, lakini nyuzi zake hubanwa na chuma na kupondeka, nao ukikauka huwa mwembamba kuliko kwanza. Ni dawa ya siku moja inayoleta ugonjwa wa mwezi.

Tatu, kuutoa mpini wa zamani. Wengi hutupa shoka zima motoni ili kipande kilichobaki kiungue. Wasifanye hivyo. Moto hulegeza makali, na baadaye yatapinda kama bati. Mzee wa msuka alijua kuepusha makali na moto. Kipande hicho kitobolewe na kugongwa kitoke.

Nne, kuingiza. Mpini uchongwe ujae tundu pande zote, kisha mwisho wake upasuliwe kwa msumeno, kadiri ya theluthi mbili za kina cha tundu. Shoka lishikwe likining'inia, kichwa chini, nanyi mgonge mwisho wa mpini kwa rungu. Wageni hustaajabu wakiona chuma chapanda juu pasipo kuguswa. Sababu ni uzito wake: mti washuka kwa pigo, chuma kizito chachelewa, basi mti waingia zaidi. Kisha litazameni kama fundi atazamavyo ubao, makali na mpini viwe katika mstari mmoja.

Tano, kabari ya mti mkavu na mgumu igongwe mpaka isiingie tena. Mwisho wa kazi, mtu asimame mahali pasipo watu, arushe shoka mara kumi juu ya gogo, atazame kama chuma kimesogea hata unene wa ukucha.

Basi, wasomaji wapenzi, tuna maombi mawili kwenu. La kwanza ni juu ya kazi za pamoja, pale Wakristu wanapokutana kukata miti ya kanisa, ya shule, au ya nyumba ya mjane. Kabla ya kuanza, kiongozi mmoja ashike kila shoka na kulitikisa. Lililolegea liwekwe kando, hata kama ni la mtu mkubwa, na asiyefanya kazi asisimame mbele wala nyuma ya anayekata.

Ombi la pili ni kwa vijana waliojifunza kuandika. Chuma cha mababu kimekaa ardhini na wataalamu wamekichimbua. Mti umeoza, na ujuzi wa mti umebaki katika vichwa vya wazee tu: ni mti gani wa mpini wa shoka, ni upi wa jembe, hukatwa mwezi gani, hukaushwa siku ngapi. Nendeni mkawaulize, kila mtu kwa lugha ya kwao. Andikeni jina la mti na kazi yake katika daftari, na mahali unapoota. Ikiwezekana, mpande michache karibu na shule, ili watoto wawe na mti wa mpini siku watakapouhitaji.